Mnyororo Uliopinduliwa

Masika yalipolibeba tena daraja la magogo la Rwenkende, yalibeba pia pikipiki ya Xaveri pamoja na mikungu ya ndizi iliyofungwa nyuma yake. Xaveri mwenyewe aliruka, akashika matete, akatoka majini na kiatu kimoja. Pikipiki ilipatikana maji yalipopungua, imelala kifudifudi mchangani. Ndizi hazikupatikana, ingawa watu wa bondeni walikula vizuri wiki ile na hawakupenda kuulizwa.

Rwenkende si mto. Ni kijito tu cha huku Mabira, Kyerwa, ambacho kiangazi mbuzi hukivuka bila kulowa tumbo. Lakini mvua ikinyesha vilimani, kijito kinasahau ukubwa wake. Upande mmoja kuna shule, kanisa, zahanati na barabara ya magari. Upande wa pili kuna kahawa na migomba ambayo hakuna asiyeisifu. Daraja likiondoka, kahawa inakaa upande wake na wagonjwa wanakaa upande wao, hadi maji yachoke.

Mwenyekiti wa kijiji, Rwegoshora, aliitisha mkutano.

"Magogo basi," alisema. "Nondo zinataka mfadhili, na mfadhili anataka kusubiriwa. Sisi tuna nini? Tuna mawe. Fundi Fidele, tuambie."

Fidele Niyonsaba alisimama taratibu kama mtu anayejua kwamba atasikilizwa. Aliletwa huku na wazazi wake kutoka Burundi akiwa mtoto wa mgongoni, akakulia hapahapa, na anaongea Kinyambo bila kigugumizi. Akikasirika tu ndipo hurudi kwenye Kirundi. Kuta za mawe unazoziona kuanzia hapa hadi Kamuli, nyingi zimepita mikononi mwake, na madirisha ya kanisa yaliyoviringwa juu ni yake yote. Aliokota kijiti, akachora tao ardhini: nusu duara safi, kama mwezi uliokatwa kwa kisu.

"Marehemu baba alinifundisha hivi," alisema. "Jiwe linaegemea jiwe, hakuna nondo."

Mkono ulinyooshwa kutoka nyuma. Ulikuwa wa mwalimu Ainebyona, anayefundisha hisabati sekondari. Watu wakatazamana. Mwalimu huyu na Fidele ni majirani, na walikuwa hawasalimiani tangu mbuzi wa Fidele walipoyapitia maharage ya mwalimu shambani, wakayamaliza hadi mti wa kuegemezea.

"Kijito kina upana wa mita sita," alisema Ainebyona. "Nusu duara ya upana huo itapanda mita tatu juu. Hilo si daraja, ni kilima. Xaveri atakipandaje na mikungu?"

"Kupanda nitapanda," Xaveri akadakia. "Kushuka ndiko nitahitaji breki za ndege."

Watu walicheka. Fidele hakucheka. "Basi tutalibonyeza. Tutachukua kipande cha duara, si nusu nzima."

"Kipande kipi?"

"Kitakachopendeza macho."

"Macho hayabebi mizigo, fundi."

Mkutano mzima ukaguna. Fidele alitupa kijiti, akasema maneno kadhaa ya Kirundi ambayo hakuna aliyeyatafsiri, akaketi.

Ainebyona alirudi nyumbani akijilaumu. Swali lilikuwa la haki, ila alikuwa ameliuliza kwa ulimi wa maharage yaliyoliwa. Isitoshe, yeye mwenyewe alijua hesabu ya tao vitabuni tu, na hakuwahi kuweka jiwe juu ya jiwe. Asubuhi yake alivaa khanga, akapita kwenye ua wa matovu, ile miti ya mpakani, akasimama mlangoni kwa jirani.

"Shikamoo, fundi."

Fidele alikuwa ananoa patasi. Aliiweka patasi chini, kwa kuwa salamu hiyo alikuwa hajaisikia siku nyingi.

"Marahaba, mwalimu. Mbuzi wamefungwa."

"Sikuja kwa ajili ya mbuzi. Nilikosa adabu jana. Naomba nikuonyeshe kitu kimoja, kisha nitaondoka."

Alivua mkufu wake shingoni, akaushika ncha mbili, akauacha uning'inie katikati ya mikono.

"Unaona ulivyopinda? Hakuna aliyeupinda. Kila pete inavuta jirani yake, uzito unagawanyika, mkufu unatulia. Mnyororo haujui kusukuma, unajua kuvuta tu. Sasa jiwe likoje?"

"Jiwe halijui kuvuta," alisema Fidele polepole. "Linajua kusukuma tu."

"Basi umbo hili lipindue. Kila palipovutwa patasukumwa. Mawe yakipangwa kwa mpindo huu, yatasukumana hadi chini na hakuna litakalotamani kutoka kwenye foleni."

Fidele aliuchukua mkufu, akauning'iniza mwenyewe, akasogeza mikono karibu, akaitenga. Mpindo ukawa mrefu, ukawa mfupi, lakini haukuwa duara hata mara moja. Alifanya hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba Ainebyona alianza kuuhofia mkufu wake.

"Maneno matamu," alisema mwishowe. "Tujaribu."

Akamwita mkewe amletee sabuni ya mche. Mama wa watu alileta, akaambiwa alete na mwingine, akauliza kama kuna mtu anaoga au kuna wazimu. Kwa kisu chake Fidele aliikata vipande vyembamba, vipana juu kidogo kuliko chini, akapanga matao mawili mezani: moja la nusu duara, jingine la mkufu, kila moja likiegemea kibati kilichokunjwa. Aliondoa kibati cha kwanza. Nusu duara likavimba mabegani, likamwagika mezani. Akaondoa cha pili. Tao la mkufu likasimama.

Ainebyona alipiga makofi kama mtoto. Fidele aliinama, akatazama kwa jicho moja. Kisha akachukua vimfuko viwili vya maharage, akaviweka taratibu juu ya mabega ya tao, kimoja kila upande. Utosi ukainuka, sabuni ikapasuka katikati, tao zima likalala.

"Mwalimu," alisema, na sasa alikuwa anatabasamu, "mnyororo wako umesahau udongo."

"Udongo gani?"

"Tao limeinama, barabara imenyooka. Katikati yake unajaza nini? Udongo na kokoto. Mabegani unaingia mwingi, utosini kidogo sana. Daraja halijibebi lenyewe tu. Linabeba hicho kifusi chote."

Ainebyona alikaa juu ya gogo. Alivitazama vipande vya sabuni vilivyotapakaa, na aibu aliyoitegemea haikuja. Alisikia mwili ukimsisimka, kama anavyosikia hesabu ngumu inapokaribia kufunguka.

"Fundi, tunauvika mnyororo mzigo wake," alisema. "Penye udongo mwingi tunatundika mzigo mzito, penye udongo kidogo mzigo mwepesi. Mnyororo wenyewe utatuambia."

"Mkufu huu utakatika."

"Siuzungumzii mkufu huu."

Mnyororo ulitoka kwenye pikipiki ya Xaveri. Ulikuwa umeshika kutu kutokana na kulala mtoni, wakausugua kwa mafuta ya taa hadi kila pingili ikawa inazunguka. Ainebyona aliutundika kwa misumari miwili kwenye ukuta mweupe wa nyumba yake, akatundika vimfuko vya plastiki vyenye mchanga: vizito karibu na misumari, vidogo katikati. Mnyororo ukabadilika palepale. Katikati ukalala zaidi, pembeni ukapinda kwa nguvu, kama mtu anayeinua mabega kwa baridi. Fidele akaufuata kwa mkaa ukutani.

Kazi haikuishia hapo. Umbo lilipobadilika, kina cha udongo nacho kilibadilika, kwa hiyo vimfuko vikapimwa upya, na mkaa ukapita upya. Wapita njia walisimama kutazama. Xaveri, ambaye sasa alikuwa na muda mwingi kuliko pikipiki, aliwaeleza kwamba mwalimu na fundi wanaanika mchanga.

Mchoro ulipotulia na kuacha kubadilika, Fidele alirudi nyuma hatua chache, akauinamisha uso wake hadi akawa anautazama kichwa chini miguu juu.

"Tao hili nalikubali," alisema.

Waliukuza mchoro ule kwenye uwanja wa mpira, ukubwa kamili, kwa kamba na vigingi. Timu ya vijana ikacheza nusu uwanja kwa muda, ikalalamika, ikazoea.

Kiangazi kizima kilipita kwa msaragambo wa kijiji chote. Wanaume walichonga mawe kwa kufuata mchoro wa uwanjani. Wanawake walipika ndizi na maharage kwenye masufuria makubwa, na wengine wao walichonga pia, maana Fidele hakujali nani anashika nyundo ilimradi pembe inyooke. Msingi ulichimbwa hadi mwamba. Kiunzi cha nguzo za mikaratusi kilisimamishwa katikati ya kijito kilichokuwa kimebaki na maji ya kuoshea miguu, na juu yake mawe yakaanza kupanda kutoka kila upande, moja huku, moja kule. Jumamosi moja ya mwanzoni mwa Septemba, Fidele aligonga jiwe la mwisho la katikati. Liliingia kwa mlio mzito, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa.

Mpango ulikuwa wazi. Jumatatu wangejaza udongo mabegani huku kiunzi kikiwa bado kimelishika tao, kisha wangekilegeza kidogo kidogo. Mvua ilikuwa bado mbali.

Mvua haikuwa mbali. Jumapili ibada ilipokuwa inaisha, mawingu yalipanda kutoka upande wa Rwanda, meusi, yakija kwa haraka kama watu walioitwa. Watu wa upande wa kahawa, waliokuwa wamevuka asubuhi kwenye mawe madogo ya mtoni, walikwama kanisani pamoja na wengine wote. Mvua ilipopungua, umati mzima, na suti zake na vitenge vyake vya Jumapili, ulitelemka kwenda kulitazama daraja.

Kwenye ukingo wa ng'ambo ya pili walionekana watu watatu tu. Fidele alikuwa amevuka mapema kwenda kukagua nguzo. Xaveri alikuwa amemsindikiza. Wa tatu alikuwa Bibi Benadeta, ambaye goti lilimzuia kwenda kanisani, nyumba yake ikiwa karibu na maji kuliko zote.

Kijito kilikuja kwa mkupuo mmoja, kahawia, kikiwa kimebeba magunzi, migomba na mlango wa banda la mtu. Kilizigonga nguzo za kiunzi. Ya kwanza ikang'oka. Ya pili ikafuata. Halafu kiunzi chote kikapinda, kikalia, kikaondoka na maji, na watu wakafumba macho.

Walipofumbua, tao lilikuwa limesimama.

Shangwe ililipuka. Rwegoshora alitupa kofia juu. Mtu mmoja alianza kukimbilia darajani.

"Rudi!" Ainebyona alipiga kelele. "Asikanyage mtu katikati!"

Alikuwa ameliona tatizo. Utosi wa tao ulikuwa umeshuka. Kidogo sana, lakini ulikuwa umeshuka, na kati ya mawe ya mabegani palikuwa na ufa mwembamba uliokuwa haupo jana. Alitazama ng'ambo, akakutana na macho ya Fidele, na wote wawili walijua jambo lilelile. Mpindo ule ulichorwa na mnyororo wenye vimfuko. Ulikuwa umbo la tao lililobeba udongo, na udongo haukuwapo. Mabega yalikuwa mepesi mno, utosi unayashinda.

"Mwalimu!" Fidele aliita juu ya kelele za maji. "Maharage!"

"Ndiyo!" aliitikia. "Tuyaweke!"

Akageukia watu. "Udongo! Mawe! Mabegani tu, hapa palipopinda. Haraka!"

Hawakuulizwa mara mbili. Wazee walivua makoti wakayafanya machela ya kubebea kokoto. Kinamama walijaza udongo kwenye makarai ya ujenzi, wengine kwenye vitenge. Rwegoshora aliingia matopeni na viatu vyake vya ngozi, akabeba jiwe kifuani kama mtoto mchanga. Katika muda mfupi bega la upande wa shule lilikuwa limeanza kufunikwa.

Ainebyona alitazama ng'ambo. Fidele na Xaveri walikuwa wanakimbia na karai moja. Bibi Benadeta alikuwa anasogeza mawe kwa kijembe. Bega lao lilikuwa karibu tupu, na ufa wa upande ule ulikuwa umeongezeka.

"Simameni!" alisema. "Wote, simameni!"

"Tusimame?" Rwegoshora alihema. "Si umesema haraka?"

"Mzigo ukizidi upande mmoja tutaliangusha wenyewe, kwa mikono yetu. Lazima twende sawa na wao. Wakimwaga karai moja, nasi tunamwaga moja."

"Wao ni watatu, mwalimu! Na mmoja ana goti!"

"Basi sisi nasi ni watatu."

Ni kazi ngumu kuwazuia watu wanaotaka kuokoa kitu chao. Walisimama mvuani, mizigo mikononi, wakinung'unika. Mwanamume mmoja aliteleza kando ya Ainebyona amwage karai lake kwa siri, na mwalimu akamshika mkanda wa suruali akamrudisha. Alikuwa anawaza kwamba tao likianguka, hakuna atakayesema lilianguka kwa sababu ya mvua. Watasema lilianguka kwa sababu mwalimu aliwazuia watu.

Ng'ambo, Fidele alisema jambo kwa Bibi Benadeta. Kikongwe akatupa kijembe, akapanda juu ya kichuguu, akaweka kiganja mdomoni, akapiga mwano. Huo ni ukelele wetu wa kuitana penye hatari, na huku Kagera ukiusikia huulizi, unatoka ulivyo. Ulipita juu ya migomba, ukapita juu ya mvua. Aliurudia, na mara ya pili migomba ikaanza kutikisika.

Walitoka wale ambao hawakwenda kanisani siku ile, na walikuwa wengi kuliko mchungaji angependa kujua. Walikuja na majembe, na ndoo, na taulo viunoni. Mwanamke mmoja alikuja na mwiko. Fidele akawapanga mstari.

"Haya!" Bibi Benadeta aliita kutoka kichuguuni. "Mwageni!"

"Mwageni!" Ainebyona akaitikia upande wake.

Karai huku, karai kule. Bibi aliita, mwalimu akaitikia, na kidogo kidogo pande mbili zikashika mwendo mmoja kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Mvua ilirudi kwa nguvu, hakuna aliyeijali. Ainebyona hakuyatoa macho yake kwenye ufa. Kwa muda mrefu ulibaki vilevile. Kisha, udongo ulipofika nusu ya bega, akaona maji yaliyokuwa yanachuruzika ndani yake yanapungua, yanakuwa matone. Mawe yalikuwa yamebanana. Tao lilikuwa limepata mzigo wake, likatulia chini yake kama punda aliyefungwa vizuri.

Ainebyona alijikuta amekaa matopeni na sketi yake ya kanisani, analia na kucheka. Ng'ambo, Fidele alivua kofia, akamwinamia kidogo, heshima ya fundi kwa fundi. Halafu akateleza, akaanguka chali, na pande zote mbili zikapata kicheko.

Utosi ulibaki umeshuka kwa unene wa kidole. Fidele aliuziba ufa kwa saruji na akakataa kuuficha. Kuta za pembeni zilijengwa, kifusi kikajazwa na kushindiliwa, na kiongozi mmoja wa wilaya akaalikwa kuja kukata utepe. Asubuhi ya siku hiyo alichelewa. Bibi Benadeta alikuwa na ng'ombe wa kupeleka josho, na ng'ombe hajui itifaki. Aliinua utepe kwa fimbo, akapita chini yake, ng'ombe akapita nyuma yake, wakaenda zao.

"Waitu, ndugu zetu, mtaendelea," aliwaambia watu wa viti vya mbele.

Vuli ile kijito kilifurika vizuri zaidi kuliko masika, kikapita chini ya tao chote, na kahawa ikapita juu.

Habari zilifika Nyakasimbi, kule Karagwe, ambako nako kuna kijito kinachojisahau. Wakaja wajumbe, wakalikagua daraja, wakaligonga kwa viatu, wakawaomba mafundi waliolijenga. Ainebyona na Fidele walipanda gari Jumamosi moja, wakasimama ukingoni mwa kijito cha wenyeji wao. Kilikuwa kipana kuliko Rwenkende, na ukingo mmoja ulikuwa juu kuliko mwingine.

"Misumari haitakuwa sawa," alisema Ainebyona. "Mmoja juu, mmoja chini. Mpindo utakuwa wa upande."

"Au tunajenga matao mawili, na nguzo katikati."

"Nguzo katikati ya maji haya, fundi?"

"Juu ya mwamba ule."

"Ule ni mwamba au kiboko?"

Wenyeji walitazamana, wasijue kama wageni wao wanagombana. Fidele alikuwa tayari amevua viatu, anakunja suruali, anaingia majini kwenda kuugonga mwamba kwa nyundo. Mwalimu alimtazama kidogo, akafunga khanga yake vizuri, akamfuata.